Asiyeandikwa Daftarini: Takwimu za Afya na Haki ya Jamii za Asili Mkoani Tanga

(Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)



1. UTANGULIZI

Nilipoombwa kuzungumzia takwimu za afya, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Mwanangu, Haki na Amani na mambo ya hesabu vinahusiana wapi? Hesabu si kazi ya Serikali?" Swali lake ni la haki, nami nitaitumia nafasi hii yote kulijibu.

Tumezoea kudhani kwamba dhuluma ni jambo la kuonekana kwa macho: mtu kunyang'anywa shamba, mjane kufukuzwa nyumbani, kijana kupigwa na wenye mamlaka. Lakini kuna dhuluma nyingine ambayo haina kelele. Hutokea pale kundi la watu linapokosa kuandikwa mahali panapopangwa dawa, chanjo, wauguzi na fedha. Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Ila mwaka unapokwisha na mgawo unapopangwa, wao hawamo. Mchungaji wa kondoo mia moja katika Injili asingeweza kujua kwamba mmoja amepotea kama asingekuwa na desturi ya kuhesabu. Kwa hiyo kuhesabu kwa uangalifu ni sehemu ya kupenda, na kupuuza hesabu ni mwanzo wa kumwacha mtu nyikani.

2. JAMII ZA ASILI NI AKINA NANI KWETU?

Neno "jamii za asili" huleta ubishi katika nchi yetu. Serikali ya Tanzania imekuwa ikieleza kwamba Watanzania wote wenye asili ya Afrika ni wenyeji wa nchi hii, na kwamba haifai kuteua wachache na kuwaita wenyeji kuliko wengine. Hoja hiyo ina uzito wake. Mdigo wa Mkinga, Mbondei wa Muheza, Msambaa wa Lushoto, Mzigua wa Handeni na Msegeju wa pwani, wote hawana nyumbani pengine.

Hata hivyo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iliunda kikundi kazi kuhusu suala hili mwaka 2000, haikulitumia neno hilo kuuliza nani alifika kwanza. Iliuliza jambo jingine: ni jamii zipi ambazo namna yao ya kuishi, kama vile ufugaji wa kuhamahama au uwindaji na urinaji wa asali, inaitegemea ardhi kwa namna ya pekee, na ambazo zimebaki pembezoni kwa sababu mipango ya nchi ilitungwa kwa ajili ya watu wa aina nyingine? Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopiga kura ya kulikubali.

Katika Tanzania, jamii zinazojitambulisha kwa jina hilo ni pamoja na Wamaasai, Wabarabaig, Wahadzabe na Waakie. Baadhi yao ni majirani zetu. Wamaasai na Waparakuyo, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wakwavi, wanaishi Handeni, Kilindi, Korogwe na hadi Mkinga. Waakie, warina asali ambao wengine huwaita Wandorobo, wapo katika nyika ya Kiteto inayopakana na Kilindi. Tunakutana nao mnadani na gulioni, tunanunua maziwa na nyama yao. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua watoto wao wanakufa kwa maradhi gani?

3. MWAKA 1967

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho katika nchi yetu kuwauliza wananchi kabila na dini. Sensa za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Viongozi wa Taifa walikuwa na sababu. Waliona jinsi ukabila ulivyokuwa ukizibomoa nchi changa, wakataka mwananchi ahesabiwe kama Mtanzania na basi. Kwa uamuzi huo na mingine ya aina yake tumepata umoja ambao majirani wengi wanautamani. Sisimami hapa kuubeza.

Mwaka huo huo wa 1967, upande mwingine wa dunia, nchi ya Australia ilifanya jambo la kinyume. Katiba yake ilikuwa na kifungu kilichoagiza kwamba wenyeji wa asili wa bara hilo wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Mwezi Mei mwaka 1967 wananchi walipiga kura, na zaidi ya wapiga kura 90 katika kila 100 walikubali kifungu hicho kifutwe. Baada ya hapo ndipo ilipowezekana kuonyesha kwa tarakimu, mwaka hadi mwaka, kwamba wenyeji wale walikuwa wakifa mapema kuliko raia wenzao. Maradhi yalikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni ushahidi ambao hakuna waziri angeweza kuukana.

Sisi tuliacha kuuliza kwa nia njema. Lakini nia njema haizuii madhara. Mtu akitaka leo kujua kama mtoto wa bomani Kilindi ana nafasi sawa ya kuishi na mtoto wa Ngamiani mjini Tanga, vitabu vya Taifa havimpi jibu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walilazimika kutumia taarifa zilizokusanywa kwa mpango wa pekee katika vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania ili kulinganisha afya ya watoto wa makabila mbalimbali. Waligundua kwamba watoto wa Kimaasai walikuwa katika hali duni zaidi ya lishe, hususan udumavu, kuliko watoto wa jamii jirani. Bila kazi ya namna hiyo, tungeendelea kusikia kauli ya mitaani kwamba Mmaasai ni mtu wa afya tele kwa sababu anakunywa maziwa.

4. WASTANI UNAVYOFICHA

Nitawaeleza jambo lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati. Katika ukuta wa chumba cha mganga mfawidhi palibandikwa mchoro wa chanjo, na mstari wake ulipanda vizuri mwezi hadi mwezi. Tulipongezana. Siku moja akaingia mama mmoja wa Kikwavi, amembeba mtoto mwenye surua kali. Muuguzi akamwuliza, "Mama, kadi ya kliniki iko wapi?" Akajibu kwa upole, "Hatuna kadi, dada. Kule kwetu ng'ambo ya mto gari la chanjo halifiki." Muuguzi alinyamaza. Nasi wajumbe tulinyamaza, kwa maana katika vikao vyetu vyote hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za ng'ambo ya mto.

Kosa halikuwa la muuguzi yule. Lilikuwa letu, na lilitokana na kutoijua hesabu. Naomba tufanye mfano wa kubuni ili sote tuelewe.

Tuseme kata ina watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Vitongoji vinne vilivyo karibu na zahanati vina watoto 160, na wote wamechanjwa. Kitongoji cha tano, cha wafugaji, kina watoto 40, na waliochanjwa ni 20 tu. Jumla ya waliochanjwa ni 180 katika 200, yaani asilimia 90. Taarifa inapelekwa wilayani, na kila mtu anaridhika. Lakini katika kitongoji cha tano nusu ya watoto hawana kinga, nao wanaishi pamoja na kunywa maji pamoja. Wataalamu husema surua huzuilika pale karibu watoto 95 katika kila 100 wanapokuwa wamechanjwa. Surua ikiingia ng'ambo ya mto, ile asilimia 90 ya ukutani haitawasaidia kitu.

Kuna baya zaidi. Idadi ya watoto wanaotarajiwa katika eneo hukadiriwa kutokana na sensa. Tuseme wale watoto 40 hawakuingia kabisa katika makadirio, kwa kuwa wazazi wao walikuwa wamehamia malishoni. Sasa zahanati inaambiwa ina watoto 160. Imechanja 180. Ukigawa, unapata asilimia 112 na nusu. Wale watoto 20 wa wafugaji waliochanjwa wameongeza sifa ya zahanati, na wale 20 wasiochanjwa hawapo kokote, si kwenye waliopata wala kwenye waliokosa. Ndugu zangu, mkiona taarifa ya chanjo inazidi mia kwa mia, msishangilie. Ulizeni ni akina nani ambao hawakuandikwa.

Tangu miaka ya 1990 nchi yetu imekuwa na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA. Ni kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini vitabu vya MTUHA humwandika yule aliyefika kituoni. Mama aliyejifungulia bomani kwa mkunga wa jadi, na mtoto aliyefia njiani kabla ya kufika barabarani, hawakupita mlangoni, kwa hiyo hawamo kitabuni. Hata kuzaliwa kwenyewe mara nyingi hakukuandikwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa walikuwa 16 tu. Serikali ilianza mpango wa kurahisisha usajili huo mwaka 2013 kule Mbeya, ikauendeleza katika mikoa mingine.

Tafiti za namna hiyo huenda nyumbani kwa watu, nazo zimetuletea habari njema. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama kutokana na uzazi vilikuwa vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha 556. Tumshukuru Mungu na wahudumu wetu. Lakini tarakimu hiyo ni ya Taifa zima. Mambo mengine katika tafiti hizo hutolewa kwa mkoa, nao mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na watu 2,615,597 katika sensa ya mwaka 2022, katika wilaya nane: kuna Jiji lenye Hospitali ya Bombo, kuna milima ya Usambara, kuna pwani ya wavuvi, kuna nyika ya Kilindi. Tarakimu moja haiwezi kusema habari za hao wote.

5. DAMU ILIYOCHUKULIWA USIKU

Mtu anaweza kudhani kwamba Tanga ni mkoa uliosahauliwa na watafiti. Sivyo hata kidogo. Kituo cha Amani, juu ya Muheza, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, na kuanzia miaka ya 1950 kikawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki. Baadaye kiliingia chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Huenda hakuna mahali pengi Afrika ambapo damu ya wanavijiji imepimwa kwa miaka mingi kama Muheza na Korogwe.

Wazee wa pwani wanakumbuka watafiti wakija usiku. Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu: vijidudu vya ugonjwa wa matende na mabusha hutokea katika damu ya ngozini wakati wa usiku, kwa hiyo anayepima mchana hupata jibu la uongo. Lakini wanavijiji wengi hawakuelezwa hivyo. Walichoona ni gari, taa, sindano na watu wageni wanaotaka damu wakati wa kulala. Pwani nzima tulikwisha kuwa na hofu ya mumiani, wale wanyonya damu wa hadithi za tangu enzi za ukoloni. Haikuwa ajabu hofu hizo mbili zikaungana. Wengine waliwacheka wanavijiji kwa ujinga. Mimi nauliza: mtu akichukuliwa damu, asiambiwe ya nini, wala asirudishiwe jibu, afikiri nini?

Tuseme kweli yote. Kazi ile ilizaa matunda. Mpango wa Taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza Mafia mwaka 2000, ukafika Tanga mwaka 2004, watu wakagawiwa kingatiba kila mwaka, na maambukizi yakashuka sana. Dawa zisingejulikana zipelekwe wapi bila zile damu za usiku. Hapa utafiti ulimrudia aliyetoa.

Lakini matunda hayamrudii aliyetoa kila mara kwa wakati. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa Korogwe na Bagamoyo walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Chanjo ilipoanza kutolewa katika huduma za kawaida kwa hatua ya kwanza, mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Malawi na Kenya. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwaka 2021. Sisemi kwamba kuna aliyewadhulumu watoto wa Korogwe kwa makusudi. Nasema kwamba mzazi aliyemtoa mwanawe ana haki ya kuuliza, "Na sisi zamu yetu lini?", na awepo mtu mwenye wajibu wa kumjibu.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuuliza maswali hayo. Wahavasupai, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, walitoa damu katika miaka ya 1990 ili uchunguzwe ugonjwa wa kisukari uliokuwa ukiwasumbua. Baadaye wakagundua kwamba damu hiyo ilitumika kuchunguza mambo mengine wasiyoyaridhia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kikakubali kuwalipa na kuwarudishia damu yao. Kule Kanada, jamii za asili zilitunga mwaka 1998 kanuni zinazosema kwamba taarifa za afya ya watu ni mali ya watu hao, kwamba wao wana kauli juu ya matumizi yake, na kwamba lazima waweze kuzipata na kuzitunza. Na mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitoa mwongozo wao wenyewe kwa watafiti wote wanaotaka kwenda kwao. Hawakukataa utafiti. Walidai heshima na ukweli.

6. MSOMERA

Siwezi kusema habari hizi katika Tanga bila kuitaja Msomera. Tangu Juni 2022 kaya za wafugaji zilianza kuhamishwa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro na kuletwa katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali imeshikilia kwamba wanahama kwa hiari. Wengine, likiwamo shirika la Human Rights Watch katika taarifa yake ya mwaka 2024, wamepinga kauli hiyo na kueleza kwamba huduma za afya na za elimu kule Ngorongoro zilipunguzwa. Desemba 2024 Rais alikutana na viongozi wa Wamaasai jijini Arusha, akaahidi kuunda tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi na nyingine zoezi la kuhama.

Kwa leo nabaki katika somo letu. Watu wanapohama, daftari huhatarishwa pande zote mbili. Kule walikotoka, huduma ikipungua, wagonjwa wanaofika kituoni pia hupungua. Mtu wa mbali asomaye taarifa anaweza kusema, "Haja imepungua, tupunguze tena dawa." Kumbe haja ipo pale pale, ila mlango umefungwa. Huku walikofikia, zahanati hupokea akina mama na watoto ambao makadirio ya sensa hayakuwajua, na dawa za kuwatosha watu wa zamani zinagawanywa kwa wa zamani na wapya. Hapo ndipo mwenyeji aliyekuwapo na mgeni aliyeletwa huanza kutazamana kwa chuki, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemaliza dawa. Hesabu sahihi ingeweza kuzuia ugomvi huo kabla haujaanza. Na hapa, mzee wangu aliyeniuliza, ndipo hesabu inapokutana na amani.

7. HATARI YA KUHESABU

Je, dawa yake ni kurudisha swali la kabila katika sensa? Nawaomba tusikimbilie jibu. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika njiani kuamua nani afe. Daftari linaweza kumlinda mtu, na linaweza kumkabidhi kwa adui zake.

Kwa upande mwingine, jirani zetu wa Kwale, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wametuonyesha sura ya pili. Wamakonde walioishi Kenya tangu enzi za mashamba ya mkonge na miwa walikaa miongo mingi bila uraia wala vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, nao hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa Kenya nao wakatambuliwa. Kwa watu hao, kuandikwa kulikuwa mlango wa huduma zote nyingine.

Naona ipo njia ya kati. Tunaweza kuhesabu kwa kitongoji, kwa kazi ya kujipatia riziki, na kwa umbali kutoka zahanati. Taarifa hizo tatu peke yake zingetosha kumwonyesha Mganga Mkuu wa Wilaya ni wapi watoto wanaachwa. Mambo ya kabila yaandikwe kwa hiari ya mwenyewe tu, katika utafiti wenye kibali, na baada ya jamii kuelezwa kwa lugha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Tuijue sheria hiyo, ni yetu.

8. WAJIBU WETU

Yafaa sasa tujiulize sisi wenyewe tufanye nini. Napendekeza mambo matano.

(a) Daftari la wakazi. Mtendaji wa kijiji hutunza daftari la wakazi, na mwenyekiti wa kitongoji anawajua watu wake. Viongozi wa jumuiya, tukishirikiana na ndugu zetu Waislamu na wazee wa mila, tuhakikishe kila boma na kila kaya imeandikwa, hata ile inayohama kufuata malisho.

(b) Swali moja kikaoni. Kila mjumbe wa kamati ya zahanati au ya Maendeleo ya Kata aulize: "Asilimia hii ni ya kitongoji kipi?" Mganga mfawidhi anaweza kuichambua kutoka vitabu vyake, ila mara nyingi hakuna aliyemwuliza.

(c) Kliniki ya mkoba. Tudai ratiba ya huduma ya mkoba ifuate siku za mnada na majira ya malisho. Gari likienda bomani wakati ng'ombe wameshuka mtoni na wenyewe wameondoka, mafuta yamepotea bure, na taarifa itasema wafugaji hawapendi chanjo.

(d) Watafiti. Yeyote ajaye kuchukua damu au kuuliza maswali aonyeshe kibali cha kamati ya maadili, aeleze kazi yake katika mkutano wa kijiji, na aahidi siku ya kurudi kusoma matokeo. Siku hiyo iandikwe katika muhtasari wa mkutano.

(e) Kusema bila hofu. Wengi waliogopa baada ya marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za Serikali. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2019. Hakuna ubaya kwa jumuiya kuhesabu watoto wake wasiochanjwa na kupeleka orodha kwa mganga. Ila majina ya wagonjwa yasisomwe hadharani, wala kanisani.

9. HITIMISHO

Wapendwa, yule mtoto wa ng'ambo ya mto alipona. Lakini nilipofungua kitabu mwisho wa mwezi, nilimkuta ameandikwa "mgonjwa mmoja wa surua", na safu ya mahali alipotoka ilikuwa tupu. Laiti safu ile ingejazwa, mwezi uliofuata gari lingejua pa kwenda. Ninawaomba mrudi parokiani mkiwa na azma ndogo tu: kujua ni kitongoji kipi cha kwenu ambacho safu yake ni tupu, na kwenda huko.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni kitongoji gani katika parokia yetu kilicho mbali zaidi na zahanati? Nani wanaishi huko, na nani kati yetu aliyekwenda huko mwaka huu?

2. Je, katika kijiji chetu watafiti wamewahi kuchukua damu au taarifa za watu? Tuliambiwa matokeo yake?

3. Mnaona faida na hatari gani katika kuwahesabu watu kwa kabila? Njia ya kitongoji na kazi inatosha?

4. Nani atakayeuliza swali la (b) katika kikao kijacho cha kamati ya zahanati, na atatuletea jibu lini?